Mpima Maji na Neno la Nusu-uhai

Kabla hajakusalimia vizuri alikuwa ameshaonja maji yako. Ukimkaribisha nyumbani ukampa kikombe, hamezi mara moja. Anayazungusha maji kinywani kama mtu anayesukutua, anafumba jicho moja, kisha anameza na kukuambia umeyateka wapi. Mke wangu alimchukia kwa hilo mwaka mzima. Siku moja alisema mbele ya wageni kwamba mtungi wetu una maji ya mto yaliyochanganywa na ya kisima cha jirani, na ilikuwa kweli, maana mke wangu aliona uvivu kurudi mtoni mara ya pili. Wageni walicheka. Mimi siku hiyo nilikula ugali bila mboga, kana kwamba ulimi uliosema ulikuwa wangu.

Nilimwendesha miaka sita, nikiwa dereva wa ofisi ya maji pale Garsen. Yeye alikuwa mpimaji wa visima, na watu wote, kuanzia Kau hadi Kinakomba, walimwita Mpima Maji. Mimi ni Mpokomo wa Kulesa, mwenye shamba la mahindi ukingoni mwa mto. Yeye alitoka Kipini, na hilo hakukuacha ulisahau, kwa sababu ya Kiswahili chake. Kamusi aliibeba ndani ya mfuko wa nailoni, imefungwa kwa mpira, ikikaa juu ya dashibodi mahali ambapo watu wengine huweka miwani. Alisahihisha makarani, alisahihisha mkuu wa tarafa, alisahihisha matangazo ya redio huku redio ikiendelea bila kumsikia. Nimemwona akimsahihisha mchungaji wa Kiorma aliyetembea na ng'ombe tangu alfajiri na kusema "maji imeisha." Akamwambia, maji yamekwisha, bwana, yamekwisha. Yule mchungaji alimtazama, akanigeukia mimi, akauliza kama mzee ni mgonjwa.

Lakini akighadhibika au akifurahi sana, sanifu yote ilimtoka, akabaki na lugha ya mama yake. Wiki yangu ya kwanza kazini alikuwa ameinama juu ya kisima akaniita, "Ndoo! Ndoo hapa!" Nikakimbia garini nikamletea ndoo. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Kwao, ndoo ni njoo. Nilimletea ndoo mara tatu kabla sijaelewa, na mara ya nne nilimletea makusudi.

Alikuwa mwoga wa mto. Mtu wa Kipini, aliyezaliwa penye mdomo wa Tana, akipanda mtumbwi alishika kingo zote mbili na kusoma Yasini kutoka ng'ambo hii hadi ile. Akasema maji usiyoyaona chini yake si ya kuaminiwa. Nikamkumbusha kwamba maji anayoyapima yeye yako chini ya ardhi na hakuna mtu anayeyaona. Tuliposhuka akasema yale ni tofauti, yale yana adabu. Wala nyumbani kwake hakuwa na kisima. Aliyechimbisha visima vya nusu ya wilaya alinunua maji kwa mikokoteni ya punda kama sisi sote, na kila asubuhi aligombana na mwenye punda kuhusu ladha.

Kuhusu maji yenye adabu alikuwa na msemo wake. "Mai hayana haraka," alikuwa akisema, "yana ndia." Maana yake, maji ya chini hayatangitangi ovyo. Yanafuata njia, na njia ni mchanga. Mto wetu huu umehama mara nyingi, na kila ulipohama uliacha kitanda chake cha mchanga, kikafukiwa na udongo mweusi wa mafuriko. Ukichimba juu ya kitanda hicho unapata maji matamu. Ukikikosa kwa hatua chache unapata udongo unaonata, na maji kidogo ya chumvi. Angeweza kusimama uwandani, penye nyasi tupu, akanyoosha mkono na kukuonyesha mto uliopita hapo kabla ya babu wa babu yako. Nilidhani ananitania, mpaka siku nilipochimba mwenyewe kwangu bila kumwuliza nikapata udongo hadi mikono ikachubuka. Hakunicheka. Alisogea hatua thelathini, akakanyaga chini kwa kisigino, akaenda zake.

Kulikuwa na hadithi moja aliyonisimulia mara nyingi kiasi kwamba niliweza kuimalizia mimi. Alipokuwa kijana, serikali ilimpeleka masomoni nchi moja ya baridi. Huko waliwashusha kwa lifti ndani ya mwamba, chini sana, wakawaonyesha mapango yaliyochongwa kwa ajili ya majaribio ya kuzika taka za mitambo ya nyuklia, zile zinazotoa mionzi inayoua bila kuonekana. Wenyeji wao walijivunia mwamba ule. Walieleza kwamba taka zitatiwa kwenye mitungi ya chuma, mitungi izungushiwe udongo maalumu unaovimba ukilowa ili uzibe kila upenyo, na nje ya udongo kuna mwamba wenyewe. Wote walikuwa wakiandika. Yeye aliona tone la maji limening'inia darini. Akauliza tone lile limetoka wapi. Wakamwambia limepenya katika ufa mwembamba kama unywele, na huenda lilianza safari kabla ya Nabii Musa. Akauliza tena, na likitoka hapa linakwenda wapi? Wakacheka, wakasema swali zuri. "Lakini hawakunijibu," alimalizia kila mara, na hapo nilikuwa nimeshakifungua kidirisha kwa sababu hadithi ilimtia jasho.

Aliyajua mambo hayo vizuri kuliko alivyohitaji kwa kazi ya Garsen. Alinieleza tukikwama matopeni, na tulikwama sana. Kwamba sumu ile haina miguu, inabebwa na maji tu. Kwamba kuna aina zinazong'ang'ania udongo kama kupe na haziendi popote, na kuna nyingine zinazoteleza na maji bila kushikwa na kitu. Kwamba chuma kitaoza, hilo si la kubishana, na kazi yote ya kuzika ni kuichelewesha safari mpaka ukali upungue. Mimi nilisukuma gari, yeye akaeleza. Sikujua siku moja maelezo hayo yatafika shambani kwangu.

Ilikuja mvua ile kubwa ya El Nino, mwishoni mwa tisini na saba. Nchi yote ikawa ziwa. Maji yalipopungua, mifugo ikaanza kufa, ng'ombe na mbuzi wakitoka damu puani na kutupa mimba. Madaktari wa mifugo walisema ni homa ya mbu. Lakini mtu aliyepoteza ng'ombe arobaini haridhiki na mbu. Huko mbugani upande wa magharibi kuna mahali panapoitwa Simiti. Zamani sana wageni walikuja kuchimba wakitafuta mafuta, hawakuyapata, wakafunika shimo kwa bamba la simiti wakaenda zao. Redio nayo ilikuwa imezungumzia mataifa ya mbali yanayotupa taka zao za mionzi Afrika. Basi watu wakayaunganisha. Ikasemwa kwamba wageni wale hawakuchimba kutoa kitu, walichimba kuzika. Mapipa. Na karibu na Simiti, mwendo wa robo saa kwa miguu, kuna kisima cha Waorma, kitamu kuliko vyote upande ule.

Chifu akaitisha baraza na kumwita Mpima Maji aeleze. Mtu mwingine angesema sijui, akarudi Garsen akanywa chai. Yeye alitoa somo. Alieleza mwamba, mitungi, udongo unaovimba, akafika mahali ambapo wataalamu husema mionzi hupungua nusu kila baada ya muda fulani, na muda huo una jina lake. Nikamwona anaifungua kamusi. Akalipata neno, akafurahi nalo, akalitamka kwa sauti ya mtangazaji: taka hizi zina nusu-uhai wa maelfu ya miaka, na zikipata maji zinaweza kusafiri chini ya ardhi.

Mkalimani akalitia katika Kiorma. Niliona vichwa vikigeukiana. Sijui Kiorma cha kutosha, lakini nilijua kuna jambo limeharibika, kwa sababu wanawake walinyanyuka kabla ya dua.

Walichosikia ni kwamba kule Simiti kuna kitu nusu hai, kinatembea chini kuelekea kisimani.

Kesho yake kisima kilikuwa kimezibwa kwa mti wa miiba. Ng'ombe wote wakageuzwa kuelekea mtoni, mwendo wa nusu siku, na njia ya kufika mtoni kwa upande ule inapita kwetu Kulesa, katikati ya mahindi. Huna haja ya kuwa mkulima kujua maana yake. Kaka yangu alianza kulala shambani na panga. Vijana wa Kiorma wakaanza kuja na mikuki. Hakuna aliyeumizwa bado, lakini kila jioni nilihesabu watu wa nyumbani kwangu, na nilimkasirikia yule mzee na kamusi yake kuliko nilivyomkasirikia ng'ombe yeyote.

Nilimwambia. Nilimwambia garini, bila adabu, kwamba neno lake zuri litaua watu. Aliitoa kamusi dashibodini akaiweka chini ya kiti, na kesho yake aliniomba nimpeleke kwa Mama Halima.

Mama Halima alikuwa mjane ambaye ukoo wa mumewe ulikichimba kile kisima. Mzee alikaa kwenye ngozi mbele yake, akaomba radhi, akasema hakumaanisha uhai wa kuishi. Alitaka kusema nguvu inayopungua pole pole, nusu kwa nusu, isiishe kabisa. Mama Halima alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa vijinga vya moto, kama wanavyofanya ili maziwa yakae na yawe na harufu. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi kama moshi," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nafukiza kibuyu, leo harufu iko kali. Naosha, nabaki nusu. Naosha tena, nabaki nusu ya ile. Hata mwaka naisha, pua ya mtoto nasikia bado."

Mpima Maji akasema, "Ndilo neno."

"Mbona wewe hapana sema hivyo kwa baraza?"

Mama Halima alimpa maziwa, na kwa mara ya kwanza nilimwona anakunywa kitu bila kukizungusha kinywani.

Lakini moshi haukuuondoa mti wa miiba kisimani. Mkuu wa tarafa alileta afisa mmoja kutoka Nairobi mwenye kidude kinachotatarika kikikutana na mionzi. Watu walikusanyika Simiti. Kidude kikapitishwa juu ya bamba lote, kikatatarika kimoja kimoja, na afisa akasema hivyo ndivyo kinavyofanya mahali popote duniani. Kisha chifu akasogea kuona vizuri, na kidude kikaanza kupiga kelele. Ilikuwa saa yake ya mkononi, ya zamani, yenye namba zinazong'aa gizani kwa rangi ya mionzi. Chifu aliivua akaitupa nyasini. Watu wakacheka mpaka wengine wakakaa chini, na mkuu wa tarafa akaona hiyo ndiyo nafasi. Akamwambia Mpima Maji awathibitishie wananchi kwamba pana usalama.

Nilimwomba Mungu mzee aseme ndiyo. Neno moja tu, nipate kulala.

Akasema kidude kinasikia kilicho juu. Kilicho chini sana, udongo unakiziba, hakisikiki. Akasema yeye hajui kama kuna kitu kimezikwa hapa. Aliuliza ofisi tatu na hakuna aliyemwonyesha karatasi. Kicheko kikakoma. Mkuu wa tarafa aliondoka na gari lake bila kuaga, na barua ya onyo ilifika ofisini wiki ile ile.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakuwaachia watu furaha yao. Akasema, "Maji yale watayatia vinywani mwao, Dereva, si mwangu."

Kilichofuata ni kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alisema kama hawezi kujua kilichozikwa, anaweza kujua njia. Kando ya bamba kulikuwa na bomba dogo la chuma ambalo wachimbaji walijitobolea kwa maji yao ya kazi. Tulilifungua kwa spana na mafuta ya taa, watu wakitazama kwa mbali. Halafu akatoa mpira mrefu unaopitisha mwanga, ule mafundi ujenzi wanaoutia maji ili kusawazisha msingi. Maji ndani ya mpira hukaa kimo kimoja ncha zote mbili, hata ukiupitisha wapi. Mimi nilishika ncha moja, yeye nyingine, tukapigilia vigingi kuanzia Simiti mpaka kisimani, kigingi baada ya kigingi, siku nne. Siku ya pili Mama Halima alikuja na wakwe zake wawili. Hakuuliza kitu. Alishika mpira katikati usiburuzwe kwenye miiba. Tulipomaliza, mzee akasema turudie kutoka kisimani hadi Simiti, kwa sababu anayepima mara moja amebahatisha. Nilimtukana kimoyomoyo kwa Kipokomo siku nne nyingine.

Tulishusha kamba kisimani na bombani kupima maji yalipo, na hesabu za mara zote mbili zililingana. Maji ya kisimani yalikaa juu kuliko maji ya Simiti kwa shibiri mbili.

"Mai hayapandi mlima," akawaambia, "hata yakiwa chini ya ardhi." Kwa hiyo maji yalikuwa yakitoka kisimani kwenda Simiti, wala si kutoka Simiti kuja kisimani. Kisima kilinyweshwa na kitanda cha mto wa zamani, kutoka upande wa pili kabisa. Kama kulikuwa na sumu, ilikuwa ikienda mbali nao. Watu walianza kuitikia, na mimi nikaanza kuhesabu mahindi yangu yaliyobaki. Lakini hakuwa amemaliza. "Leo," akasema. "Hivyo ndivyo ilivyo leo. Mkiteka sana wakati wa kiangazi, maji ya kisima yatashuka. Yakishuka chini ya yale ya Simiti, njia itageuka."

Akawapa kamba mbili za mafundo, ya kisima na ya bomba. Kila moja aliifunga kitambaa chekundu, na vitambaa vyote viwili vilikuwa katika kimo kimoja. Unashusha, unahesabu mafundo kutoka kitambaani hadi maji. Maadamu mafundo ya kisima ni machache kuliko ya Simiti, kunyweni. Siku yakizidi, acheni. Mama Halima alishusha kamba mwenyewe mara tatu, akahesabu kwa Kiorma, akakosea, akahesabu tena. Kisha akaenda akauburuta ule mti wa miiba akautupa pembeni. Yeye ndiye aliyekunywa wa kwanza. Mpima Maji alikunywa wa pili, na akayazungusha kinywani.

Ng'ombe walirudi mbugani. Kaka yangu akarudi kulala kitandani kwake. Mzee alistaafu mwaka uliofuata, na barua ya onyo ikiwa bado katika faili lake, akarudi Kipini. Ofisi ilituma mpimaji mwingine, kijana mpole asiyeonja chochote. Nilimkumbuka yule mzee kwa namna iliyonishangaza. Nilimpenda, ndivyo ilivyokuwa, na sikuwahi kumwambia.

Mwisho wa tisini na tisa mvua zilikataa. Nilipata safari ya Kipini, nikamkuta barazani kwake, miguu imevimba, fimbo kando. Alifurahi kuniona akasahau sanifu yake yote. Aliuliza habari za kila mtu kwa zamu, chifu, mwenye punda, mke wangu. Hakuuliza habari za kisima. Nilielewa kwamba anaogopa.

Nikamwambia Mama Halima amenituma. Watu walikuwa wameteka sana kiangazi kile, mifugo ya mbali ikija pale pale. Kila Ijumaa alishusha kamba zile mbili. Wiki tatu nyuma mafundo yalikuwa sawasawa. Wiki mbili nyuma, mafundo ya kisima yalizidi kwa moja. Alingoja Ijumaa moja zaidi, akapima mara mbili kama alivyofundishwa, yakazidi mawili. Hakwenda kwa chifu, wala hakuja ofisini. Aliurudisha mti wa miiba kwa mikono yake.

"Amesema nikwambie hivi," nikamwambia. "Maji yamegeuza uso."

Mzee alishusha kofia mpaka machoni akakaa hivyo. Nilidhani analia kwa huzuni ya kisima, nikaanza kumwambia mvua zitarudi, maji yatapanda. Akatikisa kichwa.

"Nani aliyewaambia wafunge?"

"Hakuna. Kamba."

Alifuta uso kwa ncha ya kikoi. Kisha akaketi wima ghafla, na sauti yake ikawa ile ya kazini.

"Na ng'ombe? Sasa wanakwenda kunywa wapi?"

"Mtoni."

"Wapitia wapi?"

"Wanapita kwangu," nikasema. "Nimewakatia njia. Hatua ishirini upana, kutoka barabarani hadi ukingoni."

"Na mahindi?"

"Tumeyavuna mabichi."

Alinitazama kama alivyokuwa akitazama nyasi tupu na kuona mto. Halafu akaita ndani, kwa sauti kubwa, mgeni aletewe maji.